Supu Nzito ya Njegere Kavu kwa Maji ya Ziwa

Wakati wa masika hapa Mwanza mvua mara nyingi hutuwahi kitandani. Radi huanza kumulika ziwani usiku wa manane, upepo hugeuka, na kabla ya adhana ya alfajiri bati la nyumba yetu ya Kitangiri huwa limekwisha kupokea matone ya kwanza. Siku kama hizo watoto huamka na baridi, njia ya kushukia barabarani hujaa matope na mawe yanayoteleza, na hakuna anayependa kwenda mbali kutafuta chakula. Kwa miaka sita sasa nimezitengea siku hizo sufuria moja, ya supu ya njegere kavu zilizoparazwa, yaani zilizovuliwa ganda na kupasuliwa nusu, na kwa kuwa majirani na wafanyakazi wenzangu wameniuliza mara nyingi namna ninavyoipika, nimeona niandike yote ninayoyajua, pamoja na makosa niliyoyafanya kabla haijanikubali.

Neno lenyewe linahitaji maelezo, kwa sababu lilizua ubishi nyumbani kwangu. Kwetu sisi supu ni maji ya nyama: ni lile bakuli la asubuhi la makongoro, la kuku wa kienyeji au la sato, jepesi, lenye ndimu na pilipili, linaloliwa kwa chapati. Kinachopikwa kwa kunde, choroko au mbaazi tunakiita mboga au mchuzi, nacho hukaa pembeni mwa wali au ugali. Nilipowaandalia watu wangu kwa mara ya kwanza bakuli la njegere zilizoiva hadi kuvurugika, shemeji yangu aliniuliza kwa adabu iwapo kulikuwa na mgonjwa ndani ya nyumba, maana alidhani ni uji. Supu hii inakaa katikati ya vyote hivyo. Ina mchuzi wa mifupa kama supu ya asubuhi, ina shibe ya maharage, na uzito wake unakaribia uji wa ulezi. Katika nchi za baridi imezoeleka mno. Waswidi huipika siku ya Alhamisi kwa njegere za njano, na Waholanzi husema haijawa supu mpaka kijiko kisimame chenyewe katikati yake. Mimi sifiki huko. Nataka tu ishuke kutoka kwenye upawa polepole, kwa mkanda mmoja usiokatika.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni kwamba uzito huo lazima utoke kwenye njegere zenyewe. Wapo wanaokoroga unga wa ngano katika maji baridi na kuumimina sufuriani dakika za mwisho, na wapo wanaotia maziwa ya unga au siagi nyingi ili supu ionekane imekolea. Unga huacha ladha yake mbichi ulimini, na siagi huifunika ladha ya njegere ambayo ndiyo tuliyoitafuta. Njegere kavu zina wanga wa kutosha. Ukizipa maji, moto mdogo na muda, wanga huo huvimba, seli zilizoufunga huachana, na sufuria nzima hushikamana bila msaada wa kitu kingine. Anayeharakisha hatua hiyo atapata maji ya kijani yenye mbegu chini yake.

Nayasema hayo kwa kuwa ndiyo niliyoyapata mimi. Sufuria yangu ya kwanza niliipika Jumamosi moja ya mwezi Aprili, nikitumia pakiti ya njegere za kijani iliyokuwa imekaa kabatini tangu mwaka uliotangulia. Nilikaanga vitunguu, nikatia nyanya nne zilizoiva, nikaziacha hadi mafuta yakajitenga na rojo kama tunavyofanya kwa mchuzi wowote, ndipo nikamimina njegere na maji. Baada ya saa moja zilikuwa ngumu. Baada ya saa mbili zilikuwa zimelainika kwa nje, lakini katikati zilikuwa na chembechembe kama mchanga. Baada ya saa tatu nilikuwa nimeongeza mkaa mara mbili, watoto walikuwa wamekula mkate mkavu, na sufuria ilikuwa na maji mekundu ambayo njegere zake zilikuwa zimelala chini, kila moja na umbo lake kamili.

Jioni hiyo nilimpigia simu mama, ambaye yuko Kwimba na amepika choroko na kunde maisha yake yote, ingawa njegere kavu alikuwa hajawahi kuzigusa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona sauti imechoka hivyo?”

Nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: “Nyanya uliweka wakati gani?”

“Mwanzo kabisa, mama, kabla ya maji.”

“Basi ulizifunga wewe mwenyewe. Kitu kichachu hakitangulizwi mbele ya kunde. Ziache ziive kwanza, uchachu uje mwisho. Na hayo maji ni ya bomba au ya kisima?”

Nilimwambia kuwa ni ya bomba, yanayotoka ziwani, naye akasema kwamba basi hapo sikuwa na kisingizio.

Baadaye nilielewa kwa nini maswali yake mawili yaliligusa tatizo lenyewe. Seli za mbegu hushikanishwa na pektini, ambayo ni aina ya gundi ya mimea, na kuiva kwa kunde yoyote ni kulegea kwa gundi hiyo katika maji ya moto. Uchachu wa nyanya, ndimu, ukwaju au siki huizuia isilegee, kwa hiyo mbegu hubaki imeshikamana hata ikichemka tangu asubuhi hadi jioni. Maji magumu, yaani yale yenye madini mengi ya kalisi na magnesi, hufanya jambo hilohilo kwa njia nyingine, kwa kuwa madini hayo huikaza gundi. Nilipokuwa mtoto tulichota kisima ambacho maji yake yaliacha ukoko mweupe ndani ya birika, na nakumbuka maharage yalivyobandikwa baada ya chai ya asubuhi yakaliwa usiku. Mama alikuwa akitia chembe ya magadi ili yalainike. Magadi husaidia kweli, kwa sababu hutenda kinyume cha uchachu, lakini hupunguza vitamini B1 iliyomo kwenye kunde, na yakizidi kidogo chakula hupata ladha ya sabuni. Sisi tunaoishi kando ya ziwa hatuna haja nayo. Maji ya Ziwa Victoria yana madini machache, ni maji laini, na kwa mpishi wa kunde hiyo ni bahati ambayo wengi wetu tunaifungulia bombani kila siku bila kuifikiria.

Kosa langu la pili lilikuwa umri wa njegere. Kunde yoyote iliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa ngumu kuiva, na hakuna ujuzi wa jikoni unaoweza kuirudisha nyuma. Siku hizi nanunua kidogo kidogo, katika duka la viungo lililoko katikati ya mji ambalo magunia yake hayakai, na kabla ya kupimiwa huzimimina chache kiganjani. Njegere nzuri ya kijani ina rangi iliyokolea na uso unaong'aa kidogo, ilhali iliyopauka na kuwa na vumbi jeupe naiacha pale pale.

Hapo dukani kuna jambo jingine la kuangalia kwa makini, maana limewachanganya wengi walionifuata. Njegere za njano zilizoparazwa zinafanana sana na dengu zilizoparazwa, na muuza duka aliyezoea kuuza dengu anaweza kukupimia hizo kwa nia njema kabisa. Dengu zetu za Usukumani ni nzuri mno, na sina neno baya juu yake, lakini zikiiva hubaki na umbo lake, jambo linalofaa kwa mchuzi na halifai kwa supu hii. Njegere iliyoparazwa ina mgongo wa duara laini na tumbo lililo bapa, mfano wa nusu ya gololi, na vipande vyake karibu vyote vinalingana. Kipande cha dengu kina mgongo usio sawa, na mara nyingi unaona alama ya ile ncha ambayo dengu nzima huwa nayo. Ukiwa na shaka, chagua za kijani, kwa maana hizo hazina pacha. Ladha ya za njano ni ya upole zaidi, nayo huupa nafasi mchuzi wa mifupa, na za kijani zina utamu kidogo na harufu ya shamba. Mimi hupendelea za kijani, mume wangu hupendelea za njano, na sufuria hubadilika kulingana na nani aliyekwenda dukani.

Niliwahi kufikiri kwamba ningeweza kuepuka duka kwa kukausha njegere mbichi za sokoni. Nilinunua kilo mbili zilizokwisha kumenywa, nikazianika juu ya bati kwa siku tano, nikapata mbegu ndogo zilizosinyaa kama zabibu kavu. Nilizipika kwa uangalifu wote niliokwisha kujifunza, bila nyanya, kwa maji ya ziwa, nazo zililainika lakini hazikuvurugika, na maji yakabaki maji. Sababu yake inaturudisha darasani. Tuliosoma baiolojia ya sekondari tunamkumbuka Gregor Mendel, mtawa wa Brno ambaye mwaka 1866 alichapisha matokeo ya majaribio yake ya miaka minane juu ya mmea huu huu wa njegere, akilinganisha mbegu za njano na za kijani, za mviringo na za mikunjo. Tulizikariri kama habari za mtihani, kumbe ni habari za sufuria. Njegere za mikunjo zina sukari nyingi zaidi na wanga mchache, ndiyo maana ni tamu zikiliwa mbichi au zikitiwa kwenye pilau, na hasa aina hizo ndizo zinazolimwa kwa ajili ya kuliwa mbichi. Njegere za mviringo, ambazo hukomaa na kukaukia shambani kisha zikamenywa ganda na kuparazwa, ndizo zenye wanga wa kuifunga supu. Hivyo njegere mbichi za sokoni nazitumia mwishoni tu, kiganja kimoja, kwa ajili ya rangi.

Sasa nije kwenye mifupa, ambayo ndiyo sehemu niliyoipenda zaidi kuitafuta. Huko supu hii ilikozoeleka hupikwa kwa mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, na mguu huo hufanya kazi mbili kwa pamoja: hutoa ute unaoifanya supu ishike midomo, na hutoa harufu ya moshi ambayo njegere zinaipokea vizuri ajabu. Katika kiwanja chetu Waislamu na Wakristo tunachota sufuria moja, na sikutaka kupika kitu ambacho jirani yangu atalazimika kukikataa. Jibu lilikuwa mbele yangu kila asubuhi. Kongoro la ng'ombe lina ute mwingi sana, na kwa kuwa hubabuliwa motoni ili kuondoa manyoya, tayari limeshapitia moshi. Ninalolitafuta ni lile lililobabuliwa kwa kuni, ambalo ukilinusa karibu na kwato unapata harufu ya moto wa kijijini. Nalikwangua kwa kisu mpaka weusi wote utoke, naliosha kwa maji ya uvuguvugu, nalikatisha vipande vinne kwa muuza nyama, kisha nalichemsha usiku wa kuamkia siku ya supu, kwa saa tatu au nne, likiwa na kitunguu kizima, kipande cha tangawizi kilichopondwa na pilipili manga nzima. Chumvi sitii usiku huo. Mchuzi ukipoa asubuhi huwa umeganda kama jeli, na mafuta yaliyoelea juu naweza kuyaengua kwa kijiko.

Siku za Ijumaa za Kwaresima, na siku ambazo mfuko hauruhusu kongoro, natumia samaki wa moshi. Nilijaribu dagaa kwanza, kwa kuwa wapo daima na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, lipo karibu na kwetu, lakini dagaa walizitia njegere uchungu, na wale waliokuwa wameanikwa chini walileta mchanga ambao hakuna kuosha kunakoumaliza. Sangara aliyekaushwa kwa moshi anafaa zaidi kwa sababu mifupa yake ni mikubwa na hutoka kwa urahisi. Mama hukubaliana nami kwa shingo upande. Yeye alikua kabla sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na kushamiri miaka ya 1980, hajaingia katika vyungu vya watu wa kwao, na kwake samaki wa moshi ni kamongo. Nimepika kwa kamongo mara moja, na nakiri kwamba supu ile ilikuwa na kina ambacho sangara hajawahi kunipa, ila kamongo mzuri wa moshi hapatikani kila siku. Samaki awaye yeyote namloweka kwenye maji ya moto kwa robo saa, natoa mifupa na ngozi, namchambua vipande vikubwa, na kumtia sufuriani katika dakika 20 za mwisho, kwa sababu akichemka kwa saa nzima hutawanyika kuwa nyuzi. Kayabo, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, pia anawezekana, mradi alowekwe usiku kucha na maji yabadilishwe, na chumvi nyingine isiguswe mpaka umeonja.

Kwa watu sita wenye njaa, au wanane waliokwisha kunywa chai, napima gramu 500 za njegere. Nazimimina kwenye ungo na kuzichambua chini ya mwanga, kwa maana hata njegere za dukani huficha kijiwe kimoja au viwili vyenye rangi yake hasa, kisha naziosha kwa maji baridi mara tatu au nne mpaka maji yaache kuwa meupe. Siziloweki. Ganda ndilo linalozuia maji kupenya kwenye kunde nzima, na hizi zimekwisha kuvuliwa ganda, kwa hiyo kuziloweka usiku kucha kunaokoa muda mchache sana.

Katika sufuria yenye tako zito nakaanga vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa vidogo vidogo, kwa vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, kwa moto wa wastani, hadi viwe laini na vianze kugeuka rangi ya asali. Hatua hii huchukua kama dakika 12 na haifai kufupishwa. Natia karoti mbili zilizokatwa vipande vidogo, punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, na kijiko kidogo cha bizari nyembamba, nakoroga kwa dakika mbili hadi bizari inukie, kisha namimina njegere na kuzigeuza ili kila moja ipate mafuta. Ndipo naleta mchuzi wa kongoro na maji, vyote kwa pamoja lita mbili, na nyingine nusu lita ya maji ya moto inakaa pembeni kwenye birika, kwa sababu njegere hazinywi maji kwa kipimo kimoja kila mara.

Sufuria ikichemka, povu jeupe hupanda kwa kasi. Ni protini za njegere zinazotoka, hazina madhara, lakini zikiachwa humwagika na kuzima mkaa, kwa hiyo nasimama hapo na upawa nikiliengua kwa dakika tano za mwanzo. Baada ya hapo napunguza moto hadi uso wa supu utikisike tu, bila kutokota kwa nguvu, nafunika nusu, na kuanzia hapo kazi inayobaki ni ya saa na mwiko. Kila baada ya dakika kumi napitisha mwiko chini kabisa, katikati na pembezoni. Katika nusu saa ya kwanza ni tahadhari tu, ila katika nusu saa ya mwisho, wanga unapokuwa umetoka, supu hii hushika chini upesi kuliko ugali, na ikishaungua harufu yake hupanda juu yote na haina dawa. Ikitokea, usikwangue. Hamishia supu ya juu kwenye sufuria nyingine taratibu na uuache ukoko ulipo.

Mapishi ya nje huandika dakika 45. Hapa kwetu nahesabu saa moja na robo. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwenye kunde inahesabika. Dalili ya kuiva haiko kwenye saa. Chota njegere tano kutoka chini, ziponde kwa kidole kwenye ukingo wa sahani, na kama zote tano zimekuwa uji bila chembe, zimeiva. Dada mmoja jirani yetu hutumia presha kuka na humaliza kwa robo saa, nami sina kinyongo na jambo hilo, ila sufuria isijazwe kupita nusu, kwa sababu lile povu na maganda machache yaliyobaki huweza kuziba tundu la mvuke, na hiyo ni hatari ya kweli.

Viazi navitia zikiwa zimebaki dakika 25, viazi mviringo viwili vilivyokatwa vipande vya ukubwa wa kete za bao, vinavyobaki na umbo lake ili meno yapate kitu cha kutafuna. Pamoja navyo narudisha nyama na mishipa ya kongoro niliyoichambua kutoka kwenye mifupa. Chumvi naionja wakati huu, kwa kuwa supu imekwisha kupungua na kukolea, na aliyetia chumvi ya kutosha mwanzoni hujikuta na supu ya bahari mwishoni. Wengine hupenda kuiponda supu yote kwa mashine iwe laini kabisa. Mimi naipondaponda kwa mwiko ukutani mwa sufuria mara chache tu, theluthi moja hivi, kwa sababu napenda kuona bado kuwa nilichokula kilikuwa njegere.

Uchachu sasa unaruhusiwa kuingia. Nikiwa nimekwisha kuepua, nakamulia ndimu moja nzima, na mabadiliko yake hunifurahisha kila mara: supu iliyokuwa nzito na yenye kulala ulimini huamka papo hapo. Ndimu ina kazi nyingine pia, maana vitamini C yake huusaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye njegere, na njegere zinayo. Nakatia giligilani, nasaga pilipili manga, na pilipili mbuzi hukaa mezani, kila mtu ajihudumie kwa kadiri ya ujasiri wake.

Kuhusu kitu cha kulia nacho, mkate unafaa na chapati inafaa, lakini nilichokipenda kuliko vyote nilikipata kwa mama. Alikuja Juni iliyopita, baada ya mavuno, akiwa na kifurushi cha matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa kwanza kisha vikakatwa na kuanikwa hadi vikauke. Nilivilainisha kwa mvuke, tukavichovya kwenye supu, na utamu wake mzito pamoja na ule moshi wa kongoro vilinyamazisha meza nzima. Kwa lishe, ugali wa mtama au wa mahindi ni mwenza bora zaidi, kwa maana njegere zina protini nyingi, karibu robo ya uzito wake zikiwa kavu, lakini zimepungukiwa na kitu ambacho nafaka inacho, na nafaka nayo imepungukiwa na kile ambacho njegere zinacho kwa wingi. Siku ya matobolwa sikuyafikiria hayo.

Mama alikula bakuli mbili. Kisha akaomba kuonyeshwa njegere zikiwa kavu, akazimimina kiganjani, akazigeuza kwa kidole gumba, na kuuliza kama choroko za shambani kwake zikiparazwa kwa jiwe na kupepetwa ganda zisingeweza kufanya kazi hiyo hiyo. Tulijaribu siku iliyofuata. Zilikuwa zimelowekwa kidogo, zikakaushwa juani hadi mchana, zikaparazwa kwa chupa juu ya meza kwa kuwa hapa mjini sina jiwe, na ganda kama robo yake lilibaki. Ziliiva kwa dakika 40. Supu ilikuwa nyepesi zaidi, yenye rangi ya majani makavu na ladha niliyoitambua tangu utotoni, nayo ilishika vizuri ingawa haikufikia mkanda ule wa njegere. Tumekubaliana kwamba safari ijayo ataziparaza huko huko Kwimba, kwa jiwe lake, na nusu ya sufuria itakuwa njegere na nusu choroko.

Supu ikibaki, na nashauri upike ya kubaki, itaganda usiku hadi uweze kuikata kwa kisu. Usishtuke wala usiione imeharibika. Asubuhi chota unachohitaji, ongeza kikombe kimoja cha maji ya moto kwa kila bakuli mbili, iweke kwenye moto mdogo, na ukoroge tangu mwanzo, maana ikiachwa peke yake huungua chini wakati juu bado ni baridi. Kama hakuna jokofu, ichemshe tena vizuri kabla ya kulala na ukiamka, na uimalize siku hiyo, kwa sababu joto letu haliisamehe kunde iliyopikwa. Chumvi itahitaji kuongezwa kidogo, na ndimu iwe mpya. Kongoro la kesho limekwisha kukwanguliwa na liko jikoni, na huko ziwani kumeanza kumulika.